Usitafute jina, tafuta parokia: jinsi koo za Wareno wa ng'ambo zinavyofuatiliwa

Mtu aliyezaliwa New Bedford au Fall River, Massachusetts, akiitwa Perry, anaweza kufikia utu uzima akiamini kwamba asili yake ni Uingereza. Kisha shangazi mmoja, msibani, anatamka kwamba babu yao alikuwa Pereira na kwamba alitoka "visiwani". Hapo ndipo wengi huanza kutafuta, na hapo hapo wengi hupotea, maana hukimbilia kitu cha kwanza kilicho mkononi, yaani jina la ukoo. Wanaliandika mtandaoni, wanaletewa akina Pereira maelfu kuanzia Lisbon hadi São Paulo, wanamchagua mmoja anayeelekea kufanana na babu yao, na kuanzia siku hiyo wanapanda mti wa ukoo wa watu wengine kabisa.

Kwa Wareno, hasa wa visiwa vya Azori na Madeira, visiwa vya Ureno katika Atlantiki walikotoka wengi wa waliohamia Marekani, jina la ukoo ni ushahidi dhaifu. Ushahidi wenye nguvu ni parokia. Ukilijua kanisa alikobatizwa babu yako, vizazi vitano au sita vya nyuma vinaweza kufunguka mbele yako bila kutoa hata senti. Usipolijua, hata ukiwa na majina ya watu ishirini bado uko gizani.

Majina yasiyotulia

Kabla ya mwaka 1911 Ureno haikuwa na usajili wa serikali uliowabana watu wote. Kazi ya kuandika nani kazaliwa, nani kaoa na nani kafa ilikuwa ya paroko. Na paroko, alipombatiza mtoto, alimwandika kwa jina moja tu: Manuel, José, Maria, Rosa. Jina la ukoo mtu alilivaa baadaye, na hakuna aliyemlazimisha achague lipi. Mmoja alichukua la baba, mwenzake la mama, mwingine la babu aliyependwa au la msimamizi wake wa ubatizo. Ndugu watatu wa tumbo moja waliweza kufa mmoja akiwa Silveira, mwingine Machado, mwingine Garcia, na hakuna aliyeona ajabu.

Wanawake ndio wanaosumbua zaidi. Wengi hawakuwa na jina la ukoo hata kidogo. Walikuwa Maria de Jesus, Ana da Conceição, Rosa do Espírito Santo, Francisca do Rosário, majina ya ibada ambayo hayasemi chochote kuhusu baba wala mama. Mama anaweza kuwa "de Jesus" na binti yake "do Rosário". Zaidi ya hayo, faharasa ya mwisho wa kitabu, pale ilipotengenezwa, hupangwa kwa jina la kwanza. Kwa hiyo ukimtafuta Maria, utawapitia akina Maria wote wa mwaka huo, na ni wengi.

Marekani ikaongeza mkanganyiko wake. Pereira akawa Perry, Rodrigues akawa Rogers, Oliveira akawa Oliver, Rosa akawa Rose. Wengine walitafsiriwa maana: Reis akawa King, Ferreira akawa Smith, Madeira akawa Wood. Mama yake mwigizaji Tom Hanks alikuwa wa ukoo wa Frager, jina lililoanza safari yake Azori likiwa Fraga. Ipo hadithi isiyokufa kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, ndio waliobadilisha majina. Si kweli. Maofisa wale walifanya kazi kwa orodha zilizoandikwa bandarini meli ilikong'oa nanga, na isitoshe Waazori wengi hawakupita Ellis Island kabisa. Waliteremkia New Bedford, Boston au Providence. Majina yalibadilishwa na msimamizi wa kiwanda, na mwalimu wa darasa la kwanza, na mara nyingi na mwenye jina mwenyewe aliyechoka kuwatajia watu herufi moja moja.

Tena jina la Kireno halithibitishi damu ya Kireno. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hili vizuri kuliko Wamarekani, kwa sababu tumeishi na akina Fernandes na D'Souza wa Mombasa, Zanzibar, Nairobi na Dar es Salaam, Wagoa ambao mababu zao walipewa majina hayo walipobatizwa Goa ilipokuwa chini ya Ureno. New Bedford nako wamejaa akina Lopes na Gomes waliotoka Cabo Verde, kisiwa cha Brava hasa, ambao karani wa zamani aliwaandika "Wareno" kwa kuwa Cabo Verde ilikuwa koloni hadi 1975. Anayemtafuta babu wa namna hiyo katika vitabu vya Azori atatafuta mpaka kiama.

Pengo la miaka thelathini na kitu

Kwa nini binamu walipotezana? Kwa kawaida watu husema ni umbali. Umbali ulichangia, lakini barua zilivuka bahari kwa miongo mingi bila shida. Kilichokata kamba ni sheria.

Safari zilianza na nyangumi. Tangu karne ya 18 meli za uwindaji kutoka Nantucket na baadaye New Bedford zilikuwa zikitia nanga Horta, kisiwani Faial, kuchukua maji, mboga na mabaharia. Vijana wa Faial, Pico na Flores walipanda, wengine kwa siri usiku kwa mashua ndogo, wakikwepa jeshi. Kijana wa umri wa kuandikishwa hakupewa pasipoti mpaka aweke dhamana ya fedha, na wengi hawakuwa nayo. Ndiyo sababu wanaume wengi wa kipindi hicho hawaonekani popote katika rejista za pasipoti. Si kwamba kumbukumbu zimepotea. Waliondoka bila ruhusa.

Nyangumi walipokwisha soko, viwanda vya pamba vya New Bedford na Fall River vikawameza wanaume, wanawake na watoto. California iliwachukua wengine kwa ng'ombe wa maziwa. Hawaii iliwaita kwa miwa: meli Priscilla ilifika Honolulu kutoka Madeira Septemba 1878, na Ravenscrag ikafuata Agosti 1879 na watu zaidi ya 400, wakiwemo mafundi seremala waliokuja kuanza kuunda ukulele, gitaa dogo la Hawaii. Waliokwenda Hawaii ni rahisi kuwafuatilia kuliko wa Massachusetts, kwa sababu walikwenda kwa mkataba, familia nzima, na orodha zao zimehifadhiwa.

Kisha Marekani ikafunga mlango. Mwaka 1917 ikaja sheria ya kuwazuia wasiojua kusoma, na Waazori wengi walikuwa hawajui. Mwaka 1924 Ureno nzima ikapewa nafasi 503 kwa mwaka. Waliokuwa wameshavuka wakabaki huko, waliokuwa wakisubiri zamu wakabaki kisiwani au wakaelekea Brazil. Watoto waliozaliwa Massachusetts wakasoma Kiingereza, wakasahau Kireno, na bibi aliyekuwa akiandika barua alipofariki hakukuwa na wa kuzijibu.

Mlango ulifunguliwa na volkeno. Mwishoni mwa Septemba 1957 bahari ilianza kuchemka karibu na mnara wa taa wa Capelinhos, upande wa magharibi wa Faial, na mlipuko ukaendelea kwa miezi kumi na mitatu. Majivu yakafunika mashamba na kuangusha mamia ya nyumba. Seneta John Pastore wa Rhode Island na John F. Kennedy, wakati huo seneta wa Massachusetts, walipigania sheria ya 1958 iliyotoa viza 1,500 kwa wakuu wa kaya, pamoja na familia zao. Mwaka 1965 mfumo wa nafasi kwa kila nchi ulipofutwa, wakaja kwa wingi zaidi. Kanada nayo ilikuwa imeshaanza kuwapokea: kundi la kwanza la wafanyakazi wa Kireno liliteremka Halifax kutoka meli Saturnia, Mei 1953.

Matokeo yake ni jambo ambalo wageni hawaliamini. Katika mtaa mmoja wa Fall River waliishi vitukuu wa babu mmoja, hawa wamekuja kabla ya 1924 na wanaitwa Rogers, wale wamekuja baada ya 1958 na wanaitwa Rodrigues, na hawakujuana. Wa kwanza waliwaona wa pili kama washamba. Wa pili waliwaona wa kwanza kama Wamarekani.

Kulipata kanisa

Utafutaji unaanzia nyumbani Marekani, wala hauanzii Ureno. Lengo ni kupata karatasi moja inayotaja mahali pa kuzaliwa kwa jina la kijiji au parokia. Hati za serikali mara nyingi husema "Ureno" tu, au "Visiwa vya Magharibi", jina la zamani la Azori kwa Kiingereza ambalo limewapeleka baadhi ya watu kutafuta visiwa vya Karibi. Au zinasema "Fayal". Hii ya mwisho ni mtego mbaya, kwa sababu mtu wa Pico au São Jorge aliyepandia meli Horta aliweza kuandikwa wa Fayal maisha yake yote.

Zenye faida ni hizi. Maombi ya uraia yaliyoandikwa baada ya Septemba 1906 huuliza tarehe na mahali pa kuzaliwa. Orodha za abiria kuanzia 1907 zinataka jina na anwani ya ndugu aliyebaki kwao, na hapo unaweza kukuta jina la mama mzazi na kijiji chake kwenye mstari mmoja. Fomu ya kuomba namba ya hifadhi ya jamii, iliyoanza 1936, inataja wazazi wote wawili. Lakini kwa maoni yangu hakuna inayoshinda kitabu cha ndoa cha kanisa la Wareno wenyewe. Parokia ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji huko New Bedford, iliyoanzishwa 1871, ndiyo ya kwanza ya Wareno katika Amerika Kaskazini. Paroko aliyetoka Azori alijua tofauti ya kijiji na kijiji, na akimwozesha kijana aliandika parokia yake ya ubatizo. Karani wa mji asingejua hata pa kuanzia.

Tanzia nazo zisidharauliwe. New Bedford ilikuwa na gazeti la kila siku la Kireno, Diário de Notícias, lililotoka hadi 1973, na nakala zake zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Dartmouth. Tanzia ya Kireno humtaja marehemu alikotoka, na nduguze waliobaki kisiwani.

Ukishapata jina la parokia, lishike pamoja na jina la kisiwa na la wilaya. Santa Bárbara iko Terceira, iko São Miguel, iko na Santa Maria. Ribeira Seca iko São Miguel na iko São Jorge.

Ukurasa mmoja, watu saba

Vitabu vya parokia za Azori vimepigwa picha na vimewekwa mtandaoni bure kupitia tovuti ya serikali ya visiwa, kutoka hifadhi tatu za Ponta Delgada, Angra do Heroísmo na Horta. Vya Madeira viko kwenye hifadhi ya Funchal, vya Ureno bara viko Torre do Tombo, hifadhi ya taifa mjini Lisbon, na katika hifadhi za mikoa. Vingi hupatikana pia FamilySearch, tovuti ya bure ya kutafuta koo. Mtu akikutoza pesa ili akuonyeshe ukurasa wenyewe, mwache. Ukimlipa akusomee mwandiko wa karne ya 17, hiyo ni kazi halali.

Anza na ubatizo wowote wa baada ya 1860, maana tangu mwaka huo mapadre walipewa mpangilio mmoja wa kufuata. Pembeni kushoto kuna namba na jina la mtoto, tuseme Manuel. Katikati, tarehe imeandikwa kwa maneno, kisha kanisa, wilaya, na jimbo la Angra. Kisha saa na siku ya kuzaliwa. Kisha baba, kazi yake na parokia aliyozaliwa. Mama, hali kadhalika. Parokia walikofungia ndoa na mahali wanapoishi. Halafu "neto paterno de", mjukuu upande wa baba wa fulani na fulani, "e materno de", na upande wa mama wa fulani na fulani. Mwisho wasimamizi wa ubatizo, ambao mara nyingi ni baba mdogo, shangazi au mjomba, na maelezo kwamba hawakutia sahihi kwa kuwa hawajui kuandika. Mtoto, wazazi wawili, mababu na mabibi wanne: watu saba kwa ukurasa mmoja, na njia ya kwenda kwenye kitabu cha ndoa cha wazazi imeshaonyeshwa.

Angalia pembeni pia. Mtoto wa 1890 anaweza kuwa na maandishi madogo yaliyoongezwa miongo mingi baadaye: aliolewa na nani, wapi, akafa lini. Kwa anayetafuta binamu walio hai, hayo yana thamani kuliko ukurasa mzima, kwa sababu yanakushusha kuelekea leo badala ya kukupandisha kwa wafu.

Mitego ipo. Ukiona "7bro", huo ni Septemba, si mwezi wa saba. "8bro" ni Oktoba, na "Xbro" ni Desemba. "M.el" ni Manuel, "Ant.º" ni António. "Pai incógnito" maana yake baba hakutajwa. "Exposto" ni mtoto aliyeachwa, mara nyingi kwenye gurudumu la ukutani ambalo kila wilaya ilitakiwa kuwa nalo tangu amri ya 1783. Unaweka mtoto, unalizungusha, unaondoka bila kuonekana. Kwa exposto karatasi huishia hapo.

Baada ya 1911 vitabu ni vya serikali. Vya vizazi huhamia hifadhi ya kumbukumbu vikifikisha miaka 100, vya ndoa 50, vya vifo 30. Kabla ya hapo unaandikia ofisi ya usajili na kuomba cheti.

Binamu wengi kupita kiasi

Wengi siku hizi hutemea mate kwenye kichupa cha kipimo cha DNA kabla ya kugusa karatasi. Majibu yanarudi na binamu elfu kadhaa, na mtu anafurahi. Asubiri kwanza.

Kwa kawaida wajukuu wa babu na bibi mmoja hushiriki takriban asilimia 12.5 ya vinasaba, vitukuu asilimia 3 hivi, vilembwe chini ya asilimia moja. Programu hutumia makadirio hayo kukuambia fulani ni nani kwako. Lakini makadirio yanadhani mmehusiana mara moja tu. Katika parokia ya Pico yenye kaya mia mbili, iliyozungukwa na bahari, watu wameoana humo humo tangu karne ya 15. Wewe na binamu yako mnaweza kukutana kwa mababu kwa njia tano, na kila njia inaongeza kidogo. Programu inajumlisha, kisha inawatangaza kuwa vitukuu wa babu mmoja wakati njia iliyo karibu zaidi iko vizazi sita nyuma. Kinachosaidia ni kutazama urefu wa vipande vya DNA mnavyoshiriki. Kipande kimoja kirefu huelekea kutoka kwa babu wa karibu; vipande vingi vifupi ni sauti ya kijiji kizima.

Kanisa lililijua tatizo hili kabla ya maabara. Tangu 1215 ndoa ilikatazwa hadi daraja la nne, yaani vilembwe wa mababu wale wale, na aliyetaka kuoa ndani ya mpaka huo aliomba ruhusa maalumu. Ruhusa hiyo hutajwa kwenye kitabu cha ndoa: "daraja la tatu na la nne la undugu wa damu". Pale majalada ya maombi yalipohifadhiwa, yana michoro ya ukoo iliyothibitishwa na wazee wa kijiji. Ukikuta ndoa yenye ruhusa, ndiyo maelezo ya binamu zako wa ajabu. DNA itakuambia mna undugu, ila ni kitabu cha paroko kitakachokuambia ni kupitia kwa nani.

Kubisha hodi

Sasa una jina la mtu aliye hai huko São Jorge. Barua ya kwanza iwe fupi, kwa Kireno, hata kama umesaidiwa na mashine kutafsiri, na itaje watu ambao yeye anaweza kuwakumbuka: bibi yake, nduguye bibi aliyekwenda Marekani, jina la utani la nyumba yao. Jina la utani lina nguvu kuliko la ukoo. Mzee wa kijijini atakuuliza wewe ni wa nani, sawa na mzee wa Lamu atakavyokuuliza, na jibu la "mimi ni Pereira" halimsaidii. Kama humjui wa kumwandikia, andika kwa paroko au kwa ofisi ya kata, junta de freguesia. Katika kijiji cha watu mia nne mtumishi wa ofisi hiyo huenda ni binamu yako mwenyewe. Ukienda, nenda kiangazi wakati wa sikukuu ya parokia, maana ndipo waliohamia Toronto na California hurudi, na utaonana na matawi matatu ya ukoo kwenye meza moja.

Useme mapema kwamba hukuja kwa ajili ya ardhi. Hili si dogo. Visiwani kuna nyumba na vipande vya shamba ambavyo havijagawanywa tangu babu wa babu afe, na mgeni mwenye mti wa ukoo mkononi huonekana kama mrithi aliyekuja kudai chake. Mlango unaweza kufungwa kwa adabu, kahawa na keki zikiwa mezani, na usijue kwa nini.

Wakati mwingine mambo huenda kinyume, wao ndio wanaokutafuta. Kwa sheria ya Ureno mali ambayo haijagawanywa haiwezi kuuzwa bila warithi wote kukubali, na mrithi mmoja akiwa kazaliwa Massachusetts na kuitwa Perry, mauzo yanakwama. Kwa hiyo barua ya mwanasheria wa Azori inayotaja jina la bibi yako si lazima iwe ya matapeli. Linganisha majina yaliyomo na kitabu cha ubatizo kabla ya kutia sahihi, na kabla ya kuitupa.